Ng'ombe wa Amulen na Ramani Isiyo na Majina

Kuna mtu mmoja wa Molo ya Tororo anaitwa Oketcho. Ana mke, ana watoto wawili, na kipara kimeshaanza kumwingia. Mkimwona na fulana yake ya kijani ya mradi, simu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe, msimpe hata maji ya kunywa. Mimi nilimpa. Nilimpa maji, nikampa kiti, nikampa na maneno, na maneno hayo ndiyo yaliyomponza rafiki yangu Amulen. Kwa hiyo habari za Amulen naanza na Oketcho, maana siwezi kumtaja mmoja bila kumkasirikia mwingine.

Mimi ni Nasirumbi, Msamia wa Busia, upande wa Uganda, barabara ya kwenda Majanji. Kazi yangu ni dagaa. Nawachukua Majanji ziwani wakiwa wakavu, nawapeleka Malaba, pale mpakani malori yanapopanga foleni mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo. Dereva aliyelala siku tatu kwenye foleni hachagui chakula. Pale ndipo nilipokutana na Amulen, sasa ni miaka tisa. Yeye aliuza njugu za kukaanga na mayai ya kuchemsha.

Siku ya kwanza tuligombana. Nilimkuta amekaa mahali pangu, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo moja ya mizigo. Nikamwambia atoke. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akaniuliza kama huo ukuta niliujenga mimi. Nikamjibu maneno ambayo leo siyarudii, kwa sababu siku hizi mimi ni mama wa kanisa. Tulitukanana mpaka madereva wakashuka kusikiliza. Tulipochoka tukagawana kivuli, na tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa anamwekea mwenzake nafasi.

Amulen ni Mteso, ameolewa Merikit kule Tororo na Mpadhola mmoja anayeitwa Ofwono. Mimi Kiteso sikijui, yeye Kisamia hakijui, kwa hiyo urafiki wetu wote umeishi ndani ya Kiswahili cha mpakani, kile cha kuuzia na kununulia. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na anakaa kimya mpaka umguse. Dereva akimtania vibaya alikuwa hamjibu. Alikuwa anamnyang'anya yai lililomenywa nusu na kumrudishia pesa yake. Basi, biashara imekwisha, nenda.

Mnataka niseme Ofwono alikuwa mlevi, au alimpiga. Hapana. Hakunywa na hakumpiga, na angekuwa hivyo ningefurahi, maana watu wangemwelewa Amulen haraka. Ubaya wa Ofwono ni mmoja tu: kila kinachoingia ndani ya boma lake ni chake. Amulen akifuga kuku, wanachinjiwa wageni wa Ofwono. Akinunua mbuzi, mbuzi anakwenda kulipia shule ya mtoto ambaye Ofwono alizaa na mwanamke mwingine. Akileta cherehani, baada ya mwezi iko kwa dada yake Ofwono. Na hasemi kwa ukali. Anasema polepole, kama mtu anayekukumbusha jambo ulilosahau.

Ndipo Amulen akaamua. Njugu na mayai, kidogo kidogo, miaka minne, akanunua mtamba mweupe mwenye masikio meusi. Akamwita Pamba. Hakumpeleka Merikit. Alimleta kwangu.

Huku kwetu jambo hili kila mwanamke analijua na hakuna anayelisema. Mwanamke akipata ng'ombe wake, anamweka kwa mwanamke mwenzake, mbali, mahali ambapo mumewe hana shughuli. Mwenye boma anakunywa maziwa na anapata ndama mmoja katika kila watatu. Mwenye ng'ombe anapata wengine, na anapata usingizi. Wanaume nao wanafanya hivyohivyo, wanaficha ng'ombe kwa marafiki ili kaka zao wasiwaombe. Mwanaume akifanya unaitwa ujanja. Mwanamke akifanya unaitwa wizi. Sijui nani aliyegawa haya majina, lakini najua hakuwa mwanamke.

Kila Jumapili ya pili Amulen alikuwa anakuja. Mumewe alijua anafuata dagaa. Alikuja na chumvi kwenye kikaratasi, anamlambisha Pamba kiganjani, anamtoa kupe mmoja mmoja, anaongea naye Kiteso. Alikuwa anacheka na yule ng'ombe. Miaka yote Malaba sikuwahi kumwona akicheka na mtu namna ile, na wivu nilikuwa nao, nisidanganye.

Mara moja nilimuuliza anamtakia nini huyu mnyama. Alisema Pamba akizaa mara mbili atauza, atajenga chumba kimoja Malaba.

"Nataka mlango," akasema, "ambao ufunguo wake ninao mimi peke yangu."

Hicho tu. Hakutaka kumwacha mume, hakutaka kutajirika. Mlango mmoja.

Basi, mwaka ule Pamba akiwa na mimba ya kwanza, ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, ule ambao huku wengi tunauita kalusu. Ulianza Merikit. Ng'ombe anatoka vidonda mdomoni, anatoa povu, kwato zinaoza, anachechemea, maziwa yanakauka. Wakubwa wengi wanapona, ndama wanakufa. Ofwono alikuwa na maksai wanne na wote wakaumwa. Na nani aliwaosha midomo kwa maji ya magadi asubuhi na jioni? Amulen, bila shaka, na buti zake za mpira ndani ya ule uchafu. Jumapili ikafika. Akapanda magari mawili na boda, akaja kwangu, na buti zilezile. Akamlambisha Pamba chumvi kiganjani kama kawaida. Wala yeye wala mimi hatukufikiri kitu.

Baada ya siku sita Pamba akakataa nyasi. Siku ya nane mate yakawa yanamtoka mpaka chini. Kisha ng'ombe wangu wawili. Ndama wangu alikufa siku ya nne ya kuumwa, na nilimzika mwenyewe huku majirani wamesimama kwenye ua wananitazama bila kunipa pole. Kwangu ndipo ulipoanzia kijijini petu. Walisema nimenunua ng'ombe wa magendo. Mmoja alitema mate mbele ya lango langu, mtu ambaye nimemlisha dagaa tangu akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza.

Karantini ikatangazwa. Minada ikafungwa, bucha zikafungwa, hakuna kuuza maziwa, hakuna ng'ombe kutoka boma moja kwenda jingine. Ndipo Oketcho akaanza kupita.

Mradi wake wa kuzuia magonjwa ya mifugo ulikuwa unafanya kazi wilaya zote mbili, Tororo na Busia. Alikuwa anaingia kwa kila mtu, anasimama katikati ya uwanja, simu inashika mahali aliposimama. Kisha anauliza: ng'ombe wangapi, wagonjwa wangapi, walianza lini, wamekula wapi, wamekunywa wapi. Kila boma linakuwa nukta kwenye ramani. Kijani ni wazima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni wagonjwa. Nukta zote zinakwenda kwenye kompyuta moja Tororo mjini, na hiyo kompyuta inatazama nukta zimefuatana vipi kwa siku na kwa njia, inasema ugonjwa utakwenda wapi kesho. Chanjo zilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo badala ya kukimbiza ugonjwa nyuma, wanautangulia mbele. Alinieleza hivyo, na lazima niseme ukweli, sikuona ujinga ndani yake.

Alikaa kwangu akanywa maji, akalalamika. Alisema Merikit ni nyekundu tupu, kisha kwangu nyekundu, na katikati hakuna kitu. Ugonjwa umeruka. Kompyuta ilikuwa imesema basi ni malori ya wachuuzi wa ng'ombe yanayopitia Malaba, na chanjo zimepangiwa maboma yaliyo kando ya ile barabara, zitatoka Alhamisi.

"Lakini mimi sioni lori hapa kwako, mama," akaniambia. "Kuna kitu kinaunganisha hapa na Merikit na mimi sikioni."

Mimi nilikuwa nakiona. Nilikuwa nimeshakiona tangu siku nilipozika ndama. Nililala nacho siku mbili na kilinikereketa. Kutuzunguka kulikuwa na maboma karibu hamsini ambayo ng'ombe wake walikuwa bado wazima. Jirani yangu mmoja mjane ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wajukuu watano wananing'inia kwa huyo mmoja. Chanjo zikienda Malaba, wote hao wamekwisha. Na wao wanajua ni kwangu ulikotokea.

Nikampigia Amulen simu. Akaja, safari hii nikamwambia avue viatu nje. Tuligombana nyuma ya jiko kwa sauti ya chini, na ugomvi wa sauti ya chini ni mbaya kuliko ule wa Malaba. Alisema akitaja Pamba, Pamba amekwenda. Mimi nilisema asipotaja, kijiji kizima kimekwenda. Alisema kijiji si chake. Nikamwambia: kama husemi wewe, nitasema mimi. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa rafiki yangu, kuhusu ng'ombe wake. Akaniambia nimwite huyo mtu wa mradi.

Oketcho alipoletwa mbele yake, kitu cha kwanza Amulen alichomuuliza ni nani atajua.

"Ramani haina majina, mama," Oketcho akasema. "Ni nukta na mistari tu."

Akamsadiki. Mimi pia nilimsadiki, na mimi si mtu wa kusadiki fulana. Amulen akasema yote: Jumapili, buti, chumvi, magadi. Oketcho akaandika haraka, uso unang'aa. Akauliza kama kuna wanawake wengine wa Merikit wenye ng'ombe mbali. Na Amulen ndivyo alivyo, akianza jambo hawezi kuliacha nusu. Alirudi Merikit akawazungukia wanawake mmoja mmoja, kisimani, shambani, kwenye maombi. Aliwaambia yeye amesema, na kwamba hakuna majina. Walikuwa kumi na mmoja pamoja naye. Kila mmoja alitoa boma lake na boma alikoweka ng'ombe, na siku anazokwenda.

Kompyuta ilipopewa ile mistari kumi na mmoja, ramani yote ilieleweka. Ugonjwa haukuwa unasafiri kwa malori. Ulikuwa unasafiri kwa miguu ya wanawake wanaokwenda kusalimia ng'ombe zao. Chanjo zikageuzwa njia, zikaenda kuzunguka yale maboma kumi na moja, na katika wiki tatu hakukuwa na nukta nyekundu mpya. Ng'ombe wa yule mjane hakuumwa hata siku moja. Pamba alipona, mimba ikakaa. Hilo silikatai. Mtu akiniuliza kama ramani ya Oketcho ilifanya kazi nitamjibu ndiyo, ilifanya kazi vizuri sana.

Halafu wakaichapisha.

Kulikuwa na wageni wa mradi wamekuja na magari meupe, na walitaka kuona mafanikio. Ramani ikachapwa kubwa kama mlango, ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata Merikit. Siku hiyohiyo ikaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafugaji. Haikuwa na jina hata moja, Oketcho alisema kweli. Lakini chini ya nukta waliweka picha iliyopigwa kutoka juu, ile inayoonyesha mapaa. Mapaa ya mabati, mapaa ya nyasi, visima, miti, njia za miguu. Na kutoka kila paa la wale wanawake ulitoka mstari mwekundu kwenda kwenye paa jingine.

Sasa niambieni, ni mwanaume gani wa Merikit asiyelijua paa lake?

Walisimama mbele ya ule ukuta kama watu wanaotazama mpira. Ofwono alikuja na miwani yake. Akaliona boma lake, nyumba mbili za bati zinatazamana, ya tatu ya nyasi, kisima kwenye kona. Kutoka boma lake ulitoka mstari, ukashuka kusini, ukaingia Busia, ukaishia kwenye paa moja kando ya barabara ya Majanji. Ofwono hakuwahi kupeleka ng'ombe Busia. Mke wake ndiye mwenye rafiki wa dagaa Busia. Hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akala, akamuuliza Amulen ng'ombe wao hajambo.

Ndivyo alivyouliza. Ng'ombe wao.

Katika wale ng'ombe kumi na mmoja, saba walichukuliwa na waume mwezi uleule. Mmoja wa wale wanawake alirudishwa kwao. Nilimfuata Oketcho mpaka Tororo, nikamkuta nje ya ofisi yao anakula chapati na chai, nikamuuliza kama ana akili. Alishangaa kabisa. Alinihakikishia kwamba waliangalia mara mbili na hakukuwa na jina hata moja pale, na alisema kama mtu anayengoja nimshukuru. Nilimmwagia chai yake chini. Watu walitutazama, na mimi niliondoka nikiwa bado nina hasira yote niliyokwenda nayo.

Zamu ya Pamba ilifika mwezi uliofuata. Brian, yule mtoto wa nje wa Ofwono, alikuwa anaoa Molo, na mahari ilikuwa ng'ombe watano. Maksai wawili wa Ofwono walikuwa wamebaki vilema wa kwato na wakwe wangewakataa. Pamba alikuwa mweupe, mzima, na ana mimba. Karantini ilikuwa imelegezwa lakini ng'ombe haendi popote bila kibali, na kibali kina mahali pa jina la mwenye mnyama na sahihi yake. Kizuizi cha Tororo bila hiyo karatasi kilikuwa kinakurudisha. Na aliyekuwa anajaza hizo karatasi, kabla daktari wa mifugo hajagonga muhuri, ni nani? Yuleyule. Kwa sababu ndiye mwenye rekodi.

Walikuja kwangu saa nne asubuhi, Ofwono na kaka zake wawili na Oketcho. Ofwono alinisalimia vizuri, akaniita shemeji, akanishukuru kwa kuwatunzia mnyama. Oketcho alitandika karatasi juu ya kiti changu, kile kiti nilichompa siku ya kwanza. Hapo boda ikaingia na Amulen akashuka, beseni la njugu bado analo, ametoka Malaba moja kwa moja. Kwa kweli alikuwa anatisha kumtazama.

Alipita katikati ya wale wanaume, akasimama mbele ya Oketcho.

"Andika jina langu," akasema. "Nilimnunua mimi. Nilikuambia hapahapa, umesimama hapohapo, na uliandika kwenye simu. Fungua simu usome."

Hapo ndipo nilipoielewa ile karatasi. Bila sahihi ya mwenyewe, Pamba asingevuka kizuizi. Neno moja tu la Oketcho lingetosha. Ofwono asingeweza kubishana na mradi, na wakwe wa Molo wasingengoja. Oketcho alijua. Kalamu ilikuwa mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama Ofwono, akatazama chini.

"Mama," akasema, "rekodi zetu hazina majina."

Nilimrukia kwa maneno. Nilisema mimi ni shahidi, ng'ombe ni wa Amulen, nimemfuga tangu mtamba, Mungu ananisikia. Nilimwita mwoga na majina mengine. Kaka mmoja wa Ofwono akaniambia ninyamaze, nikamwambia hapa ni kwangu, anyamaze yeye. Ofwono alingoja mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaongea kwa ile sauti yake ya kukumbusha.

"Hakuna anayebisha, shemeji. Ng'ombe ni wake. Na yeye ni wa nani?"

Akamgeukia Oketcho. "Andika Ofwono."

Oketcho akaandika. Ofwono akatia sahihi, polepole, na miwani.

Amulen hakulia wala hakumkamata mtu. Aliweka beseni chini, akamwendea Pamba, akamfungua kamba shingoni. Akaikunja, akaitia kwenye beseni pamoja na njugu. Alisema kamba aliinunua yeye pia, na hiyo haijaandikwa popote, kwa hiyo anakwenda nayo. Wanaume wakatazamana. Ilibidi kaka mmoja avue mkanda wa suruali, na hivyo ndivyo Pamba alivyotoka langoni kwangu, anavutwa kwa mkanda, na yule mtu anashika suruali kwa mkono wa pili. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Walipokwisha kutoka, nilimkaribia Amulen nikitaka kumshika bega. Alisogea.

"Yeye ni mtu wa mradi," akasema. "Wewe ndiye uliyenileta kwake."

Akapanda boda. Malaba alihama ukuta wetu, akaenda kuuzia upande wa pili wa barabara, juani. Nilimwekea nafasi kivulini wiki nyingi. Watu walikaa pale nikawafukuza, mpaka wakaanza kuniona nina wazimu. Nikipita alikuwa anatazama malori. Mwaka mmoja na nusu hakunisalimia, na mimi niliye na mdomo usio na breki sikupata neno hata moja la kumwambia, kwa sababu alisema kweli na mimi nilijua. Pamba alizaa kule Molo, nilisikia, ndama jike mweupe. Sikumpelekea mtu habari hiyo.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, boda iliingia kwangu. Amulen alikuwa nyuma, na katikati yake na dereva kulikuwa na gunia lililotoboka, na kutoka kwenye gunia kichwa cha ndama. Mdogo, mwekundu, ameachishwa maziwa juzi tu. Alimshusha mwenyewe. Alimfunga ndani ya jiko langu, si kwenye zizi. Nilisimama pale kama mjinga, nikamwambia karibu chai. Hakujibu kuhusu chai.

"Huyu hujamwona," akasema.

Nikamwambia sijamwona. Akanitazama kidogo, akapanda boda akaenda. Nilikaa chini jikoni, karibu na yule ndama, nikalia mpaka nikachelewa dagaa.

Na sasa kalusu imerudi. Merikit ng'ombe wanachechemea, Malaba nzima inajua, madereva wanajua. Lakini ramani ya Oketcho ni ya kijani. Wanawake wameitwa mikutano, wamepewa soda, wamejibu hawajui kitu. Wote wamehamisha ng'ombe zao, na hakuna anayemwambia mwenzake amempeleka wapi.

Oketcho alikuja kwangu Alhamisi. Amekonda. Hakuingia, alisimama langoni, na mimi sikumletea kiti. Alisema kompyuta haioni kitu, na isipoona mistari chanjo zitapelekwa kwa kubahatisha. Alisema anajua alinikosea. Alisema picha za mapaa waliacha kuziweka. Kisha akasema, "Nakuomba, mama. Nisaidie."

Jikoni, yule ndama alikuwa anatoa mate tangu alfajiri. Nilikuwa nimempangusa mdomo kwa kanga yangu mara tatu. Nje, ng'ombe wangu watatu walikuwa wanakula vizuri, na mmoja wao, Nekesa, imebaki wiki mbili azae. Najua jinsi ugonjwa huu unavyotembea. Hakuna mtu kijijini petu anayejua kuliko mimi.

Oketcho akauliza ng'ombe wangapi. Nikamwambia watatu, wazima. Akatazama mlango wa jiko. Ndama mwenye vidonda anapigapiga midomo, mlio wake unasikika, na nadhani aliusikia. Alingoja. Mimi pia nilingoja.

"Watatu, mama?"

"Andika watatu."

Akaandika. Akanionyesha simu, nukta yangu ni ya kijani. Kisha akaenda kwa yule mjane.

Leo asubuhi Nekesa amekataa nyasi.